Kwani Uanamke Unasomewa?

Mpwa wangu alipopangiwa chuo kikuu kusomea Jinsia na Maendeleo, habari ilitukuta Kisarawe kwenye arobaini ya mzee mmoja wa ukoo. Wanawake walikuwa mkekani na nyungo zao, wanachambua mchele. Shangazi yangu, ambaye kwa binti huyo ni bibi, aliweka ungo chini akamtazama mjukuu wake toka ushungi mpaka kandambili. "Miaka mitatu? Kwani uanamke unasomewa miaka mitatu? Mie niliwekwa ndani, nikafunzwa, nikatolewa, nikaolewa. Huyo kungwi wenu ana mzigo gani usiokwisha?" Kicheko kilichofuata kilimgeuza shingo hata sheikh aliyekuwa barazani akisubiri kisomo kianze.

Ulikuwa utani, lakini shangazi aligusa penyewe. Unyago ni shule. Kungwi humfunza mwali namna ya kuwa mwanamke: kujitunza mwili, kukaa na mume, kukaa na wakwe, wapi aseme na wapi ameze. Taaluma ya wanawake huanzia pale kungwi anapomalizia. Inauliza nani alipanga kwamba haya ndiyo ya kufunzwa mwanamke, yamekuwa hivi tangu lini, kwa jirani yakoje, nani anafaidika nayo na nani anayagharimia. Mtu anaweza kupita kote kuwili, na wengi wamepita.

Fani hii ina majina mengi, na majina hayo yamechangia kuwachanganya watu. Marekani ilianza kwa jina la masomo ya wanawake; programu ya kwanza kutambuliwa rasmi huko ilifunguliwa San Diego mwaka 1970. Makerere walianzisha idara yao ya masomo ya wanawake mwaka 1991, kisha wakaongeza neno jinsia. Vyuo vingi vilifuata njia hiyo hiyo kwa sababu nyepesi: ukitaka kueleza kwa nini mke hapati kulala mpaka saa tano usiku, utajikuta unaeleza pia kwa nini mume yuko barazani toka saa kumi na mbili jioni.

Hapo ndipo wataalamu wetu walipotenga jinsi na jinsia. Jinsi ni maumbile, yaani kuzaliwa wa kike au wa kiume. Jinsia ni mgawanyo wa kazi, heshima, mali na sauti ambao jamii imeujenga juu ya maumbile hayo. Fomu nyingi huuliza "Jinsia: Me/Ke" zikimaanisha jinsi, kwa hiyo usijilaumu kama umekuwa ukiyachanganya.

Kiswahili chenyewe kinaonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko vitabu vya nadharia. Ukisema "daktari amefika", hakuna anayejua kama ni mwanamume au mwanamke. Kiambishi a- hakijali. Lakini tukifika kwenye ndoa, sarufi inachukua upande. Mume anaoa, mke anaolewa. Mwanamke akisema "nilimuoa mwaka juzi", watu watadhani ulimi umeteleza. Sasa nenda Mara, kwa Wakurya. Huko kuna ndoa iitwayo nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume anatoa mahari ya ng'ombe, anamuoa mwanamke mwenzake, na watoto watakaozaliwa na mke yule wanakuwa wa nyumba yake. Kitendo cha mwanamke kuoa kinasemwa hivyo hivyo, bila kicheko. Maana yake ni kwamba kitenzi "kuoa" kinafuata aliyetoa mahari na mwenye jina la boma. Maumbile yanakuja baadaye. Jinsi ya mwanamke yule haikubadilika hata chembe. Nafasi yake ndiyo iliyobadilika. Kama umeelewa mfano huu, umeelewa robo ya mwaka wa kwanza wa fani nzima.

Robo tatu zinazobaki ni ukaguzi wa hesabu. Mkaguzi haanzi kwa kumtuhumu mtu. Anaomba daftari, anatazama nini kimeandikwa, kisha anauliza kuhusu kile ambacho hakimo. Taaluma ya wanawake inafanya hivyo kwa historia, uchumi, tiba na sheria.

Chukua tarehe ambayo kila mwanafunzi wa historia ya pwani ameikariri: 1897, Sultani wa Zanzibar alifuta hadhi ya kisheria ya utumwa. Alama moja umeipata. Sasa uliza: na wanawake? Amri ile iliwatoa masuria nje. Suria alihesabiwa kuwa mtu wa nyumbani kama mke, abaki alipo, isipokuwa athibitishe kwamba anatendewa ukatili. Ilibidi ifike 1909 ndipo amri nyingine iwaingize na wao. Miaka kumi na miwili. Mwanamume aliyekuwa akichuma karafuu Pemba aliweza kwenda kuomba cheti chake, na dada yake aliyekuwa ndani ya nyumba ya bwana akaambiwa yeye tayari ni kama mke, anataka nini zaidi. Hakuna tarehe iliyofutwa hapa wala shujaa aliyeshushwa. Limeulizwa swali moja tu, na "utumwa ulikwisha" ikageuka kuwa "utumwa wa nani ulikwisha lini".

Au panda daladala upite Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam. Jina tunalitaja kila siku kama kituo cha kushukia. Kwa muda mrefu historia ya TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, iliandikwa kama hadithi ya vijana wasomi waliolielimisha taifa, na wanawake wakawekwa pembezoni wakipiga vigelegele. Mwanahistoria Susan Geiger alikwenda kuwahoji wanawake wenyewe, akianza na Bibi Titi, aliyewaongoza wanawake wa chama hicho, mwaka 1984. Alichokikuta kinapindua mpangilio. Bibi Titi alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba. Wanawake wa mjini walikuwa tayari na vikundi kama hivyo vilivyowakusanya watu wa makabila mbalimbali, kwa Kiswahili, vyenye viongozi, michango na namna ya kupeleka habari nyumba hadi nyumba. Kitengo cha wanawake wa TANU kilipoundwa mwaka 1955, hakikuanza na kurasa tupu. Kilipita katika mishipa ambayo ngoma ilikwisha kuitengeneza. Umoja wa kitaifa tunaoambiwa ulihubiriwa na wasomi, wanawake hawa walikuwa wakiucheza.

Nimeuweka mfano huu kwa sababu ya njia iliyotumika. Watu husema fani hii haina utafiti, ni malalamiko yaliyovaa joho. Geiger alikabili tatizo la kitafiti kabisa: wanawake wengi waliojenga chama hawakuandika kumbukumbu, na walioandika hawakuwaandika. Akatumia masimulizi ya maisha, akayalinganisha yenyewe kwa yenyewe na nyaraka zilizokuwepo. Kuna wenzake wanaotumia dodoso, mafaili ya mahakama, barua za mirathi, hata vitabu vya muda vinavyorekodi mtu alifanya nini saa kwa saa. Ubishi ndani ya fani juu ya njia zipi zinaaminika ni mkali kuliko ule unaotoka nje.

Kwenye uchumi daftari lina pengo ambalo unaweza kulishika kwa mkono. Mama lishe akipika sufuria ya wali na maharage chini ya mwembe, ule wali ni sehemu ya Pato la Taifa. Jioni akarudi nyumbani, jiko lile lile, mchele wa gunia lile lile, akawapikia wanawe. Wali huo haupo. Kwa kanuni za kimataifa za hesabu za taifa kubeba maji kichwani kunahesabiwa kuwa uzalishaji, lakini kuyachemsha na kumwogeshea mtoto hakuhesabiwi. Lawama hii si ya juzi. Miaka ya 1940 mchumi wa Kiingereza, Phyllis Deane, alipotumwa kukokotoa mapato ya Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Malawi na Zambia za leo, aliona kwamba kuziacha kuni na mapishi ya wanawake wa vijijini kungeifanya hesabu yote kuwa kichekesho. Waliotunga kanuni hawakumsikiliza.

Mwaka 2022, wakati wa sensa, nilikuwapo karani alipofika nyumbani kwa shangazi. Kwenye swali la kazi, mjomba alijibu kabla shangazi hajafungua mdomo: "Huyu ni mama wa nyumbani." Shangazi akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa ameamka saa kumi alfajiri kukanda maandazi ya kupeleka shuleni, na mjomba alikuwa amekula mawili kati ya hayo na chai. Hakuna aliyedanganya pale. Wote wawili kwa dhati yao walijibu kile ambacho neno "kazi" linamaanisha vichwani mwao.

Sasa pengo la namna hiyo likifika mahakamani, linageuka nyumba na kiwanja.

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali ambayo wanandoa wameichuma kwa jitihada za pamoja, ikizingatia mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Hilo neno la mwisho ndilo lililozua kizaazaa. Majaji wa Mahakama Kuu wakawa njia mbili. Kundi moja lilisema kupika, kufua na kulea ni wajibu wa mke, havihusiani na nyumba iliyopatikana kwa mshahara wa mume. Kundi jingine likasema kazi ni kazi. Kwa miaka kadhaa ilitegemea faili lako limeangukia meza ya nani.

Mwaka 1983 shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu likafika Mahakama ya Rufani. Huko chini alikuwa amenyimwa mgao kwa hoja kwamba alikuwa mke tu, na nyumba ilipatikana kwa fedha za mume. Jaji Mkuu Francis Nyalali alirudi nyuma akajiuliza Bunge lilipotunga sheria hii lilikuwa linatibu ugonjwa gani. Jibu: wake waliokuwa wakiachwa na kuondoka mikono mitupu baada ya kuitumikia nyumba. Basi ukilisoma neno kazi kwa kuitoa kazi ya ndani, unaurudisha ugonjwa ule ule kupitia mlango wa nyuma. Mahakama ikaamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa.

Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu. Mahakama iliona kuwa fedha alizokwisha kupewa na mume za kufanyia biashara, ambazo hazikuleta tija, zilishameza haki yake. Sehemu hii huachwa sana inaposimuliwa kwenye semina, nami sioni kwa nini. Ndiyo inayoonyesha kwamba kanuni haikuwa zawadi kwa mwanamke fulani. Ilikuwa kanuni, na siku ile ile ilipozaliwa ilimkata aliyeileta. Waliolitaja jina lake katika mahakama zetu tangu hapo ni wengi kuliko alivyoweza kudhani. Mzozo uliobaki ni wa kiasi: mchango huo ni nusu, robo, au shukrani? Hakimu anayetaka kujibu kwa haki anahitaji kujua kazi ya ndani inachukua saa ngapi, inaokoa gharama gani, inamfungia mtu fursa zipi. Takwimu za namna hiyo hazianguki kutoka mbinguni. Lazima mtu akae na kaya akiandika, na mtu huyo ndiye mpwa wangu.

Kwa nini basi jina la fani hii likitajwa watu hukunja uso? Kwetu naona chanzo kimoja kikubwa, nacho ni Beijing. Mwaka 1995 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wa dunia wa wanawake jijini humo, na katibu mkuu wa mkutano alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella. Tulijivuna, tukamwita Mama Beijing. Muda si mrefu neno likateremka mtaani na kubadilika tabia. Mke akihoji matumizi ya mshahara, "hayo ni mambo ya Beijing". Binti akikataa posa, "ameshakuwa wa Beijing". Mji mkuu wa China ukawa tusi la jikoni. Kisha zikaja semina za jinsia hotelini, zenye posho na kofia, na fomu za miradi zilizodai kisanduku cha jinsia kitiwe vema hata kama mradi ni wa kuchimba mtaro. Watu walikutana na jinsia kama masharti ya fedha kabla ya kukutana nayo kama swali, na sehemu ya lawama hiyo wenye fani wanastahili kuibeba. Walizoea kuzungumza na wafadhili kuliko kuzungumza na mjomba wangu.

Mjomba anaamini fani hii inafundisha kuwachukia wanaume. Angepata nafasi ya kusoma utafiti wa Margrethe Silberschmidt, Mdenmaki aliyefanya kazi Kisii, Kenya, na baadaye Dar es Salaam, angejikuta humo ndani. Alianza kwa kuwachunguza wanawake, akaishia kwa wanaume. Aliwakuta waume ambao jamii inawataka walishe nyumba huku ajira na ardhi vimewatoka, na wake zao wanaouza ndizi sokoni ndio walioishika kaya. Cheo cha baba mwenye nyumba kimebaki, nguvu ya kukitimiza imeondoka. Wengi wakaitafuta heshima yao kwa pombe, kwa vimada, kwa ngumi. Silberschmidt hakuwatetea wala hakuwasimanga. Alieleza mashine inavyofanya kazi. "Jikaze kiume" na yenyewe ni somo la jinsia, tena tunalipewa mapema kabla hata ya kujua kusoma, na ndilo linalomfanya mwanamume afike hospitali akiwa amebebwa.

Madawa yana kisa chao. Marekani, kuanzia 1977, wanawake walio katika umri wa kuzaa walizuiwa kwa mwongozo kushiriki hatua za mwanzo za majaribio ya dawa, kwa nia njema ya kumkinga mtoto aliye tumboni. Mwongozo ule ulibatilishwa 1993. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya huko ikashusha kwa nusu kipimo cha dawa ya usingizi ya zolpidemu kwa wanawake, toka miligramu 10 hadi 5, kwa kuwa miili yao huitoa polepole na asubuhi walikuwa wakishika usukani bado imo damuni. Dawa ilikuwa sokoni kwa miaka mingi.

Madai kwamba fani imeletwa na Wazungu yana ukweli nusu. Jina la idara na muundo wa shahada vilitoka huko, kama vilivyotoka vya uhandisi na uhasibu. Lakini mwaka 1977 wanawake watafiti wa Kiafrika waliunda chama chao, makao yakawa Dakar, na msukumo mmojawapo ulikuwa kuchoshwa na wenzao wa Magharibi waliokuja kuchota maisha ya Waafrika na kurudi kuyaeleza kana kwamba wenyewe hawana kauli. Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí wa Nigeria akaenda mbali zaidi mwaka 1997, akadai kwamba kwa Wayoruba wa kabla ya ukoloni umri ndio uliopanga watu, na kwamba "mwanamke" kama daraja la kijamii aliletwa na wakoloni. Wapo waliompinga vikali, Wanigeria wenzake wakiwemo. Huo ndio uhai wa fani.

Na mila? Bukoba, binti aliruhusiwa kurithi shamba la ukoo alitumie, bila kuliuza. Mwanamume aliweza kuuza. Kanuni hiyo ilichapwa na serikali katika tangazo la mwaka 1963. Mwaka 1988 Holaria Pastory aliuza shamba alilorithi kwa baba yake, mpwa wake akamshitaki, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba kanuni ile inagongana na haki zilizomo katika Katiba. Anayesoma jinsia hatosheki na "mila imeshindwa" au "mila imevunjwa". Atauliza ile iliyochapwa 1963 ilikuwa mila ya nani, na nani aliitwa kwenye kikao cha kuiandika.

Swali hilo hilo unaweza kulipeleka kwa Mwana Kupona. Mwaka 1858, mgonjwa na mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa beti mia na ushee. Kambi moja inaushika kama hati ya maadili, nyingine inauona kama pingu, na zote hunukuu pale pale: akinena simjibu, yaani mumeo akisema usimjibu. Soma pole pole, uone ni nani anayeambiwa anyamaze na ni nani anayefananishwa na mtoto asiyejua kunena. Wa pili ni mume. Na mwishoni mtungaji anawaita wanawake wote wausome na waelewe maana yake. Je, hiyo ni sauti ya mtu aliyenyamazishwa, au ya mtu anayewaachia wenzake siri ya uongozi kwa lugha ambayo wanaume wangeipigia makofi? Mimi naegemea jibu la pili. Nimeshabishana na mwalimu mmoja wa Kiswahili juu ya hilo mpaka kahawa ikapoa.

Mpwa wangu yuko mwaka wa pili sasa. Likizo iliyopita alipewa kazi ya kurekodi maisha ya mwanamke mmoja mzee wa kwao, akamchagua bibi yule yule wa mkekani. Nilikuwa uani nikiwasikia. Shangazi alianza kwa kukataa kwamba ana lolote la kusema, kisha akasema kwa muda wa saa mbili: uuzaji wa makuti, shamba la mikorosho ambalo kaka zake walilichukua, kikundi cha lelemama, mtoto aliyemzika Ilala. Mpwa akauliza kuhusu unyago, nyimbo gani ziliimbwa na zilimaanisha nini.

Kimya. Kikombe kikawekwa kwenye kisosi.

"Zima kwanza hiyo simu, mjukuu wangu. Na wewe huko uani, nenda kasalimie msikitini."